Mcheza Kwao Hutuzwa: Mwalimu wa Msingi na Kazi ya Igizo la Nyimbo

Katika kila darasa la skuli ya msingi hapa Unguja, iwe ya Mji Mkongwe, ya Ng'ambo au ya shamba, hakosekani mtoto ambaye akisimama kusimulia hadithi wenziwe hunyamaza. Akifika penye fisi huwa fisi. Akifika penye wimbo huimba, na darasa zima humwitikia bila ya kuamrishwa. Mwalimu humtambua mtoto huyo mapema na humtumia. Mgeni akija skuli, ndiye anayewekwa mbele. Siku ya sherehe ya wilaya, ndiye anayevalishwa kanga na kupandishwa jukwaani. Kisha mtoto anakua, anamwambia mwalimu wake kwamba angependa kazi yake ya maisha iwe hiyo ya kuimba na kuigiza. Na mzazi naye anafika skuli kuuliza kama kweli iko kazi ya namna hiyo.

Makala haya yanahusu jibu la mwalimu. Kwa kawaida majibu huwa mawili, na yote mawili si ya haki. La kwanza ni kumsifu mtoto na kumwahidi kwamba kipaji chake kitamfikisha mbali. La pili ni kumwambia aache upuuzi ashike kitabu. Jibu la kwanza linamdanganya, la pili linamvunja. Maoni yangu ni kwamba ugumu mkubwa wa kazi hii katika visiwa vyetu hautokani na upungufu wa vipaji. Unatokana na mazoea ya kuitazama kama kipaji tu na kutoitazama kama kazi yenye mafunzo, ratiba, hesabu na haki zake. Mazoea hayo huanza katika skuli ya msingi, na kwa hiyo ndiko yanakoweza kuanza kurekebishwa.

Igizo la nyimbo ni letu

Kwa igizo la nyimbo nakusudia mchezo ambao kisa chake huendelezwa kwa kuimba, kusema na kucheza kwa pamoja, hata ukiondoa nyimbo kisa hakisimami. Wako wanaodhani kwamba sanaa hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake, nasi hatuna budi kuiazima. Dhana hiyo haina msingi. Ngano zetu, zinazofunguliwa kwa Paukwa na Pakawa, zina nyimbo ndani yake ambazo msikilizaji huitikia. Msimulizi ni mwigizaji na hadhira ni waimbaji. Ngoma ya kibati ya Pemba ni majibizano ya haraka yanayotungwa papo hapo juu ya mdundo. Beni, pamoja na tarumbeta na vitimbi vyake, ni mchezo unaotembea njiani. Hata katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofanyika kila mwezi wa Julai, ambao ni mila wala si mchezo, mtu huona jinsi mapambano ya migomba, kuchomwa kwa kibanda na nyimbo za wanawake vinavyokwenda kwa mpango mmoja.

Katika miaka ya 1980, vikundi vya Dar es Salaam kama vile Muungano vilikuwa vikitoa, katika onyesho moja, ngoma, sarakasi, vichekesho, michezo ya kuigiza na taarabu. Waandishi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walifuata njia hiyo kwa kalamu: Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi mwaka 1982, na Penina Muhando akatoa Lina Ubani mwaka 1984, michezo inayochanganya usimulizi, ngoma na nyimbo. Basi sanaa ipo. Kinachohitaji kuulizwa ni kwa nini anayeifanya hashibi.

Tatizo la pato

Methali husema, mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka, akaenda mpaka kwa mwimbaji, akampa fedha. Desturi hii ni nzuri kwa wimbo, kwa sababu wimbo ni kitu kimoja kilichokamilika, na anayetunza hamkatizi mtu. Lakini katika igizo tunzo huvunja kisa. Kama mama wa mchezo anamlilia mwanawe aliyezama baharini, na watu wanapanda jukwaani kumpa noti, kilio kimekwisha na mchezo umekwisha. Tena fedha hiyo humwendea anayeonekana akiimba. Aliyetunga kisa, aliyefundisha hatua za kucheza na aliyeshona nguo hawapati kitu. Kikundi chenye njaa hujifunza upesi kwamba nyimbo zinalipa na kisa hakilipi. Hukiacha kisa, hubaki na nyimbo.

Jambo la pili ni idadi ya maonyesho. Huko London na New York, igizo kubwa la nyimbo huchezwa mara 8 kwa wiki, na likipendwa huendelea kwa miaka. Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946, aliondoka na familia yake mwaka 1964. Igizo lililojengwa juu ya nyimbo za kundi lake la Queen lilianza katika ukumbi mmoja wa London mwaka 2002, likadumu hapo miaka 12. Gharama ya mazoezi na ya nguo iligawanywa kwa maelfu ya maonyesho. Hapa kwetu, tuseme watu 15 wamefanya mazoezi kwa wiki 6, wakacheza mara moja Ngome Kongwe na mara moja siku ya Idi. Hata kama viti vyote vimejaa siku zote mbili, jasho la wiki 6 haliwezi kurudi kwa siku 2. Hata huko ugenini kazi si rahisi, kwani waigizaji wengi hukaa muda mrefu baina ya igizo moja na jingine wakifanya kazi nyingine. Lakini wao wana njia ya kuendelea kuwepo, nasi hatujaijenga.

Jambo la tatu ni misimu. Katika mwezi wa Ramadhani taarabu na ngoma husimama, na hivyo ndivyo inavyopaswa katika jamii yetu. Harusi hukusanyika katika miezi fulani. Watalii nao wana msimu wao. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga safari, waliokuwa wakipiga na kuimba katika mahoteli waliona jinsi chakula kinavyoweza kukatika kwa siku moja. Matamasha makubwa yenyewe hayana uhakika: Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha.

Wakongwe wetu waliyajua haya. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kujifunza kwa wapigaji wa huko. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurikodi santuri. Bibi Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipata tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005 akiwa mtu mzima sana. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakutegemea jukwaa peke yake: alifundisha wari katika unyago, alitengeneza hina na wanja, na aliuguza watu kwa dawa za miti. Mwalimu anayewataja wanawake hawa mbele ya watoto kwa ajili ya sifa zao tu amesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba walikuwa na mikono iliyojua kazi nyingine.

Tatizo la mafunzo

Masimulizi ya taarabu ya Unguja huanzia kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye inasemwa alimpeleka Misri mtu aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze ala. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilifuata mwaka 1905. Naomba wanachuo waliangalie jambo hili kwa makini: katika masimulizi yenyewe, sanaa tunayojivunia haikuanza kwa kipaji peke yake. Ilianza kwa mtu kupelekwa kusoma, na kuna aliyegharimia.

Leo njia za kusoma zipo lakini ni nyembamba. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, nacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hapa Unguja, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianza kufundisha mwaka 2002 katika jumba la zamani la forodha huko Mizingani, kikatoa wapigaji na waimbaji wengi. Misaada ya nje ilipopungua kuanzia mwaka 2016 kikaingia katika shida kubwa ya fedha. Pamoja na hayo, anayesoma ala mara nyingi hasomi kuigiza, na anayesoma kuigiza hasomi ala. Igizo la nyimbo linamtaka mtu mmoja ajue kuimba, kusema na kucheza, tena aweze kuvifanya vyote kwa pamoja bila ya kukatika pumzi. Mtu anayeanza kujifunza mambo hayo akiwa na miaka 20 amechelewa katika mengi. Pumzi, sikio na utii wa mazoezi hujengwa utotoni.

Tatizo la heshima na la hatari

Mzazi anapokataa, mara nyingi hakatai wimbo. Anaogopa usiku, anaogopa maneno ya majirani, na kwa binti anaogopa posa zisije. Si haki kumcheka mzazi huyo. Siti mwenyewe alitungiwa maneno ya dharau kwa asili yake na kwa sura yake, na wengi wa waimbaji wetu wa kike wamebeba mzigo huo. Wapo waliofika mbali hata hivyo: Khadija Kopa, aliyeanzia Culture Musical Club hapa Unguja, alikwenda Bara na kuwa nguzo ya kikundi cha TOT tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini kwa kila jina tunalolijua, hapana shaka wako wasichana waliokaa kimya siku ya ndoa na hawakuimba tena. Jawabu la hofu ya mzazi ni utaratibu. Hotuba haiwezi kumwondolea hofu hiyo.

Iko pia hatari ambayo nchi za jirani ziliionja kwa uchungu. Huko Uganda, Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Taifa la Michezo mjini Kampala, alitunga igizo la nyimbo la Wankoko, ambalo mwaka 1977 lilichezwa Lagos katika tamasha la sanaa za watu weusi. Mwaka huohuo aliuawa, Idi Amin akiwa madarakani. Huko Kenya, wanakijiji wa Kamiriithu walicheza igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, lililojaa nyimbo za kwao. Serikali ililisimamisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tangu mwisho wa Desemba 1977 kwa karibu mwaka mzima bila ya kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Nayataja haya ili mwalimu ajue kwamba watu hawaadhibiwi kwa jambo lisilo na uzito. Anayesema kwamba kuimba kisa ni mchezo wa watoto, na aeleze kwa nini watawala waliuogopa.

Wanaopinga

Wapo walimu watakaosema kwamba ratiba imejaa na mtihani unangoja. Hoja hii ina nguvu. Lakini sidai kipindi kipya. Mtoto anayeandika maneno ya igizo anaandika insha. Anayepanga gharama za nguo anafanya hesabu. Anayesema kwa sauti inayofika ukuta wa nyuma anasoma Kiswahili. Ninachodai ni kwamba saa zilezile tunazozitumia sasa kuwaimbisha watoto mbele ya wageni zitumike kwa mafunzo. Tukubali ukweli: tunayo desturi ya kukusanya watoto siku tatu kabla ya sherehe, kuwakaririsha wimbo wa kumsifu mgeni, na mgeni akishaondoka ngoma zinarudi stoo mpaka mwakani. Watoto hutoka hapo wamejifunza jambo moja, nalo ni kwamba sanaa ni mapambo ya siku ya mtu mwingine. Mtoto aliyejifunza hivyo, akiwa mkubwa, hawezi kudai malipo ya kazi yake, wala sisi hatutaona sababu ya kumlipa.

Wapo pia watakaosema kwamba jambo hili halipatani na maadili yetu. Nao wasikilizwe. Lakini maadili yanalindwa na mwalimu aliyekuwepo. Akijitenga, mtoto mwenye sauti ataimba vilevile, ila ataimba mahali ambapo hakuna mwalimu.

Mwalimu afanye nini

Kwanza, alinde sauti. Watoto wasifundishwe kuimba kwa kupiga kelele. Mwalimu atafute kiwango cha sauti ambacho wengi wanakifikia bila ya kukaza shingo, awafundishe kuvuta pumzi kwa tumbo, wapumzike na wanywe maji. Mvulana ambaye sauti yake imeanza kuvunjika asichekwe wala asilazimishwe. Apewe ngoma au sehemu ya kusema mpaka sauti itulie.

Pili, aanze na ngano ambayo watoto wanaijua na ambayo tayari ina wimbo. Waulizwe: ni wapi katika kisa hiki maneno hayatoshi mpaka mtu aimbe? Hapo ndipo pa kutunga wimbo mpya. Swali hili moja linafundisha zaidi kuhusu igizo la nyimbo kuliko maelezo ya saa nzima.

Tatu, agawe kazi zote na azizungushe. Pasiwe na nyota wa kudumu. Wiki hii Asha ni mwimbaji mkuu, wiki ijayo ni mtunza nguo. Juma aliyepiga ngoma sasa anaweka daftari la matumizi, akiandika kanga zilizoazimwa, zimetoka kwa nani na zimerudi lini. Katika vikundi vyetu vidogo, mtu anayejua kazi tatu hubaki wakati anayejua moja anaondoka.

Nne, igizo lichezwe zaidi ya mara moja. Lichezwe mbele ya darasa jirani, kisha mbele ya skuli, kisha mbele ya wazazi, na ikiwezekana katika skuli ya kijiji cha pili. Baada ya kila onyesho watoto wakae chini waseme palipolegea, wapatengeneze. Kazi ya jukwaa ni kurudia jambo lilelile kwa uhai uleule, na mtoto hawezi kulijua hilo kwa onyesho moja.

Tano, maneno ya igizo yaandikwe daftarini, na juu yake yaandikwe majina ya waliotunga. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi inayoisimamia, COSOZA. Lakini sheria haimsaidii mtu ambaye hakuzoea kuona kwamba wimbo una mwenyewe. Skuli nyingine ikitaka kulicheza igizo hilo, iombe ruhusa kwa barua, na watoto waijibu. Zoezi hili halina gharama, nalo hukaa akilini.

Sita, aalike mpigaji wa ngoma, wa zumari au mwimbaji wa mtaa ule, aje awasikilize watoto na awaeleze anavyoishi: siku gani anapata na siku gani hapati, na kazi yake nyingine ni ipi. Walimu wachange walau nauli yake, na watoto wamwone akipewa. Mwaliko usio na nauli nao ni somo, ila ni somo baya.

Saba, mazoezi yamalizike mapema, mabinti wafike kwao kabla ya Magharibi, na wazazi wasomewe igizo kabla ya kuchezwa. Mzazi aliyeona utaratibu hupunguza hofu. Mara nyingi ndiye atakayeshona nguo.

Hitimisho

Narudi kwa mzazi anayeuliza kama kazi hiyo ipo. Mwalimu aliyefanya haya anaweza kumjibu kwa unyofu: Kazi ipo, nayo ni ya heshima, lakini kwa sasa hapa kwetu haimlishi mtu peke yake. Mwanao amalize masomo yake, ashike na ujuzi wa pili, na wakati huohuo asiache sauti yake ilale. Anajua kuimba, anajua kuandika anachokitunga, anajua kuweka hesabu, na anajua kwamba kazi yake ina thamani. Akipata mlango wa Bagamoyo au wa chuo cha muziki, hatoingia akiwa mtupu. Asipopata, atakuwa mwalimu, fundi au mkulima ambaye kijiji chake hakitokosa igizo.

Jibu hilo halina ahadi tamu, na baadhi ya wazazi watabaki na shaka. Na wabaki nayo, kwani shaka yao ni ya haki mpaka siku tutakapokuwa na kumbi zinazocheza igizo moja kwa mwezi mzima na hadhira iliyozoea kununua tiketi kabla ya kutoa tunzo. Hadhira hiyo haitoki mbali. Inakaa madarasani mwetu sasa hivi, watoto 40 au 50 katika kila chumba, na wengi wao hawatapanda jukwaani kamwe. Nao pia wanafundishwa kila tunapocheza igizo: wanajifunza kukaa kimya kisa kinapoendelea, kujua palipotungwa vizuri, na kulipa. Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha asiwasahau hao anapomshughulikia yule mmoja mwenye sauti, kwa sababu riziki yake iko mikononi mwao.